Vyumba sita juu ya njia ya ng'ombe

Saa mbili kasorobo asubuhi, jua la Garsen limeshaanza kuuma, na Nyale Ngumbao yuko juu ya paa akiling'oa bati la chumba cha tatu. Anang'oa msumari mmoja mmoja. Kila unapotoka anaunyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha chuma, anautia ndani ya kopo la rangi alilolifunga kiunoni, kisha anahamia mwingine.

Chini barabarani watu wanasimama. Macho hayana pazia, na si kila siku mtu anaona fundi akiezua nyumba mpya, nzima, ambayo rangi yake ya krimu haijapauka hata kidogo.

"Fundi, wapangaji wamekataa kulipa kodi mpaka umeamua kuwaezulia?" kijana mmoja wa bodaboda anamtania, na wenzake wanaangua kicheko.

Nyale anaishusha kofia yake ya ukindu mpaka karibu na nyusi na kuendelea na msumari wake. Ukimtazama vizuri utagundua kwamba tangu asubuhi hajainua uso kuangalia barabara.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Wazazi wake walitoka upande wa Magarini wakahamia delta ya Tana yeye akiwa mtoto wa kubebwa, wakalima Tarasaa. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa fundi wa ujenzi, na ni vigumu kupita mtaa wa Garsen usikute ukuta aliousimamisha yeye. Hii aliyoipanda leo ndiyo nyumba yake ya kwanza ya kupangisha. Ni vyumba sita kwenye mstari mmoja, mgongo kwa mto, uso kwa barabara. Anavunja viwili vya katikati.

Mwandishi, kusema kweli, alikuja Garsen kwa habari nyingine. Alikuwa ameambiwa yuko fundi hapa aliyetapeliwa ploti, na habari za watu waliotapeliwa ploti husomwa sana. Kichwa cha makala kilikuwa tayari kwenye daftari. Nyale alishuka ngazi, akanawa mikono kwenye ndoo, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Usiandike nilitapeliwa," alisema. "Aliyeniuzia hakunidanganya hata neno moja. Andika nilijua."

Kichwa kile kikafutwa.

Nyale na mkewe Mbeyu waliweka akiba miaka kumi na moja. Siku ya kazi fundi hulipwa shilingi elfu moja na mia mbili, na kazi haziji kila siku. Mbeyu alikuwa akiuza maembe msimu wa maembe, na msimu usio na maembe akisuka makuti. Walikuwa wakipanga chumba kimoja na watoto wanne, na kila mwisho wa mwezi Nyale alikuwa akimpelekea kodi mtu ambaye nyumba yake aliijenga yeye mwenyewe kwa mikono yake.

"Nimejengea watu vyumba vya kupangisha mpaka nikachoka," anasema. "Mtu analala, pesa inaingia. Mimi nikilala, watoto wanalala njaa. Nikasema na mimi nijaribu."

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka juzi. Vijiji vya kando ya mto vilizama, watu wakakimbilia Garsen, na chumba kikawa kitu cha kugombaniwa. Nyale akaona wakati wake umefika. Akafanya kile kila anayeanza biashara ya nyumba huambiwa afanye: akauliza maswali, tena mengi.

Aliuliza kama maji ya mafuriko yalifika pale. Hayakufika, na miti ilikuwa shahidi maana haikuwa na alama ya tope. Aliuliza kama ndugu za muuzaji wamekubali. Wote walikuja, wakatia vidole kwenye karatasi ya mauziano mbele ya mashahidi. Aliuliza habari za umeme, na nguzo ilikuwa hatua hamsini. Wapangaji hakuhitaji kuwauliza, kwa sababu wengine walikuwa wakilala kwenye mahema hapo hapo ng'ambo ya barabara.

Aliuliza pia bei. Ploti za jirani, futi hamsini kwa mia, zilikuwa zimeuzwa laki tatu. Hii ilikuwa laki moja na thelathini.

Lilibaki swali moja tu ambalo hakuliuliza. Kulia kulikuwa na nyumba, kushoto kulikuwa na nyumba, na huko nyuma mashamba yalishuka pande zote mbili mpaka mtoni. Kwa nini hapa katikati pamekaa wazi miaka yote hiyo, mjini ambako watu wanatafuta hata pa kuweka kibanda?

"Lile swali lilikuwa hapa," Nyale anasema akigusa koo. "Nililimeza. Niliogopa kujibiwa."

Alianza kuchimba msingi mwezi wa Julai, akiwa na vibarua wawili, wageni wa delta. Walipofika futi moja na nusu, sururu iligonga udongo mgumu kama sakafu. Wakaupasua. Chini yake kulikuwa na tabaka juu ya tabaka, mavi makavu ya ng'ombe, tope, mavi tena, tope tena, yote yameshindiliwa na kwato mpaka yakashikana kama chapati iliyokunjwa.

Katika kaunti hii hakuna mtu mzima asiyejua maana ya udongo huo. Wafugaji wa Orma wana njia zao za zamani za kuteremshia mifugo mtoni wakati wa kiangazi. Huziita malka. Malka haina ua wala bango. Mvua zikiwa nzuri mifugo hukaa mbali nyikani, majani huota juu ya njia, na mgeni akipita anaweza kudhani ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Kiangazi kikirudi, ng'ombe hurudi pale pale. Na ng'ombe mwenye kiu, akiikuta njia imezibwa, harudi nyumbani. Hupita palipo laini, na palipo laini ni shamba la mtu. Wakulima na wafugaji wa Tana River wanajua magomvi yao ya miaka iliyopita yalianzia wapi, na wanajua yaliishia wapi.

Nyale aliwalipa wale vibarua ujira wa siku nzima, akawaambia waende nyumbani, kazi imesimama kidogo. Walipoondoka akashika sururu. Alichimba msingi wote peke yake, siku nane, ili jicho lingine lisione. Ule udongo aliubeba kwa karai mpaka nyuma ya ploti, akaumwaga na kuufukia kwa mchanga.

"Pesa nilikuwa nimeshalipa. Mbeyu alikuwa ameshachagua rangi," anasema. "Nikajidanganya labda ni zizi la zamani. Lakini mimi ni fundi, nachimba ardhi miaka yote hii. Zizi ni mviringo. Hii ilikuwa imenyooka kwenda mtoni."

Anaposema hayo anajifuta uso kwa kofia, na anachukua muda mrefu zaidi ya unaohitajika kufuta jasho.

Mwaka ule bahati ilimsaidia, kama inafaa kuitwa bahati. Mafuriko yalikuwa yameacha madimbwi kila mahali, na mifugo haikuwa na haja ya kuja mtoni. Wafugaji walikuwa mbali. Waliobaki mjini, waliojua pale ni mahali gani, walidhani fundi amekubaliana na wenyewe. Kufikia Desemba vyumba vilikuwa vimekwisha. Familia ikaingia cha kwanza, vile vitano vikapata wapangaji, kila kimoja elfu tatu. Elfu kumi na tano kwa mwezi bila kushika mwiko. Mbeyu alinunua jiko la gesi. Nyale anasema ilikuwa miezi miwili ya kujiona mtu.

Halafu ikaja Februari ya mwaka jana, na madimbwi yakakauka.

Swaleha, mshonaji wa nguo kutoka Kipini anayepanga chumba cha tano, alikuwa kwenye cherehani yake asubuhi hiyo. "Nkasikia vishindo, nkadhani lori la mchanga," anakumbuka. "Kufungua mlango, ng'ombe tele, wamesimama wauangalia ukuta. Hawali, hawalii, wameduwaa tu. Kama watu walofika kwao usiku wakakuta kufuli."

Wa mbele walisimama, wa nyuma wakaendelea kusukuma. Waliokuwa pembeni wakageuka, wakavunja ua wa michongoma na kuingia shamba la ndizi na mahindi la Abdulsalam, mkulima Mpokomo ambaye shamba lake limeshuka kando ya njia, kutoka nyuma ya nyumba jirani hadi mtoni. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na mgomba uliosimama.

Mwenye ng'ombe alikuwa Dukicha.

Hapa inabidi msomaji aelezwe Dukicha ni nani kwa Nyale. Miaka kumi na minne iliyopita Nyale ndiye aliyemjengea nyumba yake ya kwanza ya mawe. Kazi ilipokwisha, urafiki ulibaki. Mbeyu alipojifungua kitinda mimba na maziwa yakakataa kutoka, kibuyu cha maziwa ya ng'ombe kilifika mlangoni kwake kila asubuhi kwa miezi mitatu kutoka kwa mke wa Dukicha, na hakuna aliyetaja malipo. Nyale humwita Dukicha ndugu, na mpaka mwaka juzi lilikuwa neno la kweli.

Siku hiyo Abdulsalam alikuja na panga na kaka zake watatu. Wachungaji wa Dukicha walikuwa na fimbo zao. Watu wakaanza kukusanyika pande mbili, kila upande na wa kwake. Nyale alikuwa wapi? Alikuwa chumba cha kwanza, amejifungia kwa ndani.

"Niliwasikia wote," anasema. "Nilimsikia Dukicha katikati ya zile kelele. Alikuwa anauliza kama Nyale na watoto wako salama, kama ng'ombe hawakuwaumiza."

Walioamua ugomvi walifaulu, na damu haikumwagika. Kesho yake kikawekwa kikao cha pande zote. Mzee mmoja akamuuliza Nyale waziwazi kama alijua pale ni malka. Nyale akajibu kwamba hakujua, kwamba aliona majani tu.

Dukicha akasimama. Akawaambia wazee kwamba Nyale si mtu wa ng'ombe, angejuaje, na kwamba kama angekuwa na shaka yoyote angemuuliza yeye kwanza kwa sababu wao ni ndugu. Kikao kikaamini. Nyumba ikaachwa isimame kwa sasa. Ng'ombe wakaelekezwa malka ya juu, mwendo wa saa mbili zaidi kwenda na saa mbili kurudi. Dukicha akauza mitamba miwili, akamlipa Abdulsalam ndizi zake.

"Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, naangalia viatu vyangu," Nyale anasema. "Nilivihesabu matundu ya kamba. Ndivyo nilivyomsaidia ndugu yangu siku ile."

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Ng'ombe kumi na mmoja wa Dukicha walianguka kwenye ile njia ndefu, wasifike maji au wasirudi nyumbani. Nyale anaijua idadi hiyo kwa moyo. Anasema hawezi kudai kwamba wote kumi na mmoja ni yeye, maana ukame uliua kila mahali, lakini hawezi pia kuonyesha ni yupi ambaye si yeye.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Nyale ilikuwa na urefu wa miezi kumi. Katika miezi hiyo alipunguza kwenda sokoni siku za mifugo. Akimwona Dukicha kwa mbali, alikumbuka ghafla kitu cha kununua upande mwingine. Mbeyu alidhani mumewe ana deni mahali. Alimuuliza mara mbili, akaambiwa ni uchovu.

Desemba iliyopita Dukicha alikuja mwenyewe nyumbani.

Baada ya kupoteza ng'ombe wale alikuwa ameamua kwamba mali ya miguu minne pekee haitoshi tena. Alitaka kuuza kadhaa kabla ya ukame mwingine, ajenge vyumba vichache vya kupangisha Garsen kama vya Nyale. Hajui kusoma, kwa hiyo bintiye aliyemaliza kidato cha nne alikuwa amemwandikia maswali saba kwenye karatasi ya daftari. Alimletea Nyale ayasome na kuyajibu, kwa sababu katika watu wote anaowajua, Nyale ndiye aliyekuwa amefanikiwa.

Mbeyu akapika chai. Wanaume wakakaa barazani, mbele ya chumba cha kwanza. Nyale akaanza kusoma kwa sauti.

Swali la kwanza lilikuwa atajuaje kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Nyale alimjibu vizuri. Alimwambia asitosheke na karatasi, aende kwa ami na shangazi wa muuzaji, aende kwa majirani wa pande zote nne, kila mmoja amwonyeshe mpaka kwa mguu wake mwenyewe.

Swali la pili lilikuwa wapangaji wakihama atakula nini. Hilo pia alilijibu vizuri. Mwaka wa nyumba una miezi tisa, alimwambia, ile mitatu mingine ihesabu kama chumba kitupu ili usije ukashtuka. Kila kodi ikiingia tenga kidogo cha bati linalovuja na cha choo, kwa maana choo hujaa hata kama wapangaji hawajalipa. Na asiuze ng'ombe wote. Dukicha alicheka kwa hilo la choo.

Nyale akasoma swali la tatu: Nitajuaje mahali hapo hapana njia ya watu wengine?

Alilisoma mpaka mwisho. Dukicha alikuwa akipuliza chai.

"Nilitaka kumwambia achimbe shimo, futi mbili, aangalie udongo," Nyale anasimulia. "Neno shimo likanikwama. Nikamwambia, Dukicha, mimi nilichimba. Niliuona ule udongo. Nilijua siku ile ile."

Mbeyu alikuwa jikoni, hatua nne kutoka pale, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. "Nilikuwa nimeshika sufuria, nataka kuwaongeza chai," anasema. "Sikuweza kutoka. Nilimkumbuka yule mama na kibuyu chake. Ile nyumba ina pesa zangu za maembe, mimi nilikuwa naifagia kila asubuhi najisifu."

Kwa siku nne, maneno pekee aliyomwambia mumewe ni kwamba chakula kiko tayari.

Dukicha hakupaza sauti. Aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akachukua fimbo yake, akaondoka. Karatasi ya maswali ilibaki juu ya kiti.

Watu husema ukisema kweli moyo unakuwa mwepesi. Nyale anakataa. Anasema aibu ya kuficha ilikuwa nzito, lakini alikuwa ameizoea mahali ilipokaa, na hii ya kujulikana bado hajajua aibebe bega lipi. Mficha uchi hazai, ni kweli, ila hakuna aliyewahi kusema kuzaa hakuumi.

Wiki hiyo hiyo aliwapa notisi ya mwezi mmoja wapangaji wa chumba cha tatu na cha nne, akawarudishia dipoziti zao. Alikwenda kwa Abdulsalam. Abdulsalam alimsikiliza amesimama kati ya migomba yake inayochipua upya, akamwambia yeye ameshalipwa, aende kwanza kwa aliyelipa. Alikwenda kijijini kwa Dukicha mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa Dukicha yuko na ng'ombe.

Mwandishi alimkuta Dukicha siku moja kabla ya kurudi kwa Nyale mara ya pili. Alikuwa amechuchumaa akimtoa kupe ndama kwa kidole, na hakuacha kazi kwa ajili ya gazeti. Ni mtu mrefu, mwenye maneno machache na Kiswahili alichojifunzia sokoni.

"Nyumba mimi sina hasira nayo. Nyumba ni mawe," alisema. "Mimi nilisimama mbele ya wazee, nikamlipia maneno. Ng'ombe nikilipa, ng'ombe inazaa nyingine. Maneno haizai."

Alipoulizwa kama atakwenda kuona vyumba vikivunjwa, alisema ana ndama mgonjwa.

Mwandishi anaporudi, wiki moja baada ya ile asubuhi ya kwanza, paa la vyumba viwili limekwisha kushuka na kuta zinamalizikia. Nyale hakuchukua kibarua. Alichimba peke yake, anasema, basi atabomoa peke yake. Anagonga bloku kwa mtaimbo taratibu isivunjike, anaikwangua simiti, anaipanga juu ya nyingine. Mbeyu anamletea maji. Siku hizi wanaongea, ingawa si kama zamani. Anapompa kikombe hukaa kidogo akiangalia lile pengo, kisha huondoka na ndoo.

Hesabu ya nyumba sasa ni nyepesi kupita kiasi. Chumba cha sita ni kitupu tangu mwalimu aliyekipanga ahamishwe kazi. Wanaolipa ni wawili, mpangaji wa chumba cha pili na Swaleha, elfu sita kwa mwezi. Katika hizo Nyale anatenga elfu mbili za kununua mitamba miwili ya Dukicha. Kwa bei za leo itamchukua zaidi ya miaka mitatu, na anasema ndivyo anavyostahili.

Kinachomshangaza ni kwamba watu bado wanamjia kuomba ushauri. Mwezi huu pekee wamekuja watatu, akiwemo mwalimu mmoja mwenye mkopo mkononi. Wote huuliza mambo yale yale: chumba kimoja kinaleta ngapi, simiti mifuko mingapi, pesa itarudi baada ya miaka mingapi.

"Hakuna anayeuliza hii ploti ilikuwa inafanya kazi gani kabla hajaiona," anasema. "Nikiwaambia, wananiangalia kama nawafungia riziki. Nawaelewa. Hata mimi ningejiangalia hivyo."

Tumaini lake ni dogo na lina tarehe. Katikati ya Februari ng'ombe wataanza kuteremka kutoka nyikani, na anataka wakute pamefunguka. Zile bloku anazozipanga hataziuza. Zikitosha, anataka kumjengea Dukicha vyumba vyake mahali palipo halali, kazi ya mikono bure. Dukicha akikataa, zitakaa pale pale. Anayasema haya bila kumwangalia mtu, kama anayeomba kitu anachojua hastahili kupewa.

Saa kumi alasiri Dukicha anatokea barabarani, peke yake, fimbo mabegani.

Hakutoa mkono. Alimpita Nyale, akaenda kusimama kwenye pengo, katikati kabisa, uso kwa mto. Hewa ilikuwa ikipita hapo kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu. Kisha akaenda ukutani mwa chumba cha pili, akageuka, akatembea kuelekea ukuta wa chumba cha tano akihesabu hatua kwa lugha yake. Zilikuwa saba.

"Hapa kundi mbili ya ng'ombe haipishani," alisema. "Ya baba yangu ilikuwa hatua kumi na moja."

Nyale aliutazama ukuta wa chumba cha tano. Pale mlangoni Swaleha alikuwa amesimama na futikamba shingoni, naye alikuwa amesikia. Nyale alifungua mdomo kumwomba radhi, akaanza kusema habari za notisi.

"Cherehani yangu ina magurudumu, Fundi," Swaleha alimwambia. "Chumba cha sita ki kitupu. Nisaidie kusukuma tu."

Waliisukuma pamoja, Mbeyu akibeba vitambaa. Ilipokwisha, Dukicha alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa amekaa juu ya rundo la bloku, fimbo kati ya magoti.

Akauliza karatasi yake iko wapi. Nyale aliitoa mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, jasho limeilainisha mpaka imekuwa kama kitambaa. Dukicha akauliza walikuwa wamefikia wapi.

"La tatu," Nyale alisema.

"La tatu nishajua," Dukicha alisema. "Soma la nne."

Nyale aliikunjua. Kwa siku zote alizotembea nayo alikuwa ameshaisoma mpaka akaihifadhi, na mwandishi aliona kwamba macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Akasoma: Fundi wa kuaminika nitampata wapi?

Aliikunja tena, akairudisha mfukoni, akaenda kuchukua ngazi na kuiegemeza kwenye ukuta wa chumba cha tano. Akapanda. Akaanza na msumari wa pembeni, akaung'oa, akaunyoosha, akautia kwenye kopo.

Dukicha alibaki pale pale juu ya bloku, akimsubiri.